Kisumu na Kurudi

Waendesha baiskeli wa Lurambi wasiolipwa kwa kuendesha huhesabu fahari yao kwa majina ya miji. Huyu amefika Mumias akarudi, yule amefika Webuye akarudi. Na akitokea aliyekwenda Kisumu akarudi siku hiyohiyo kwa nguvu za miguu yake, bila kuipandisha baiskeli juu ya keria ya matatu hata mahali pamoja, wenzake humwachia nafasi ya kusimulia mpaka amalize. Sura hii ni ya mtu huyo. Ni ya wengine pia, waliofanya makubwa zaidi katika barabara hizihizi na hakuna aliyewahesabia.

Lurambi iko upande wa kaskazini wa mji wa Kakamega, kwenye barabara kuu ya A1, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Kutoka hapo hadi Kisumu ni kilomita hamsini na ushee. Kwa hiyo anayekwenda na kurudi huvuka kilomita mia moja, na kilomita mia ndiyo alama ambayo waendeshaji wasio wa kulipwa huitafuta kwanza karibu kila pembe ya dunia. Waingereza na Wamarekani wao huhesabu maili mia, yaani kilomita 161. Mahali pengi mtu hulazimika kuzungukazunguka mitaani ili hesabu itimie, au kukimbilia kwenye duara fulani na kulirudia hadi achoke kuliona. Sisi tumepewa mia yetu na barabara yenyewe. Unaondoka nyumbani, unaifuata A1 hadi uone ziwa, unageuza usukani.

Ni rahisi kuisema. Tatizo ni kwamba Kakamega iko karibu mita 1,535 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu, penye maji ya ziwa, ni mita 1,130 hivi. Tofauti hiyo ya mita mia nne na zaidi mtu hupewa bure asubuhi, kisha hudaiwa adhuhuri, jua likiwa utosini na miguu ikiwa imeshafanya kazi ya saa mbili. Tena barabara haishuki moja kwa moja. Kutoka Kakamega unapita Khayega, karibu na lile jiwe la Ilesi linalotiririsha maji kama mtu anayelia, unafika Sigalagala, unateremka kuuvuka mto Yala, unapanda tena Chavakali. Halafu vinaanza vilima vya Maragoli: Mbale, Majengo, kisha Kiboswa. Pale ndipo unapoivuka ikweta, maana Kakamega iko kaskazini mwa mstari huo na Kisumu iko kusini. Kwa hiyo mwendeshaji wa Lurambi huweza kunywa chai ya asubuhi katika nusu moja ya dunia na chakula cha mchana katika nusu ya pili, na wengi waliofanya hivyo hawajawahi kufikiria kwamba hilo nalo ni la kujivunia.

Baada ya Kiboswa barabara inaangukia Mamboleo. Hapo napenda nitulie kidogo, kwa sababu mteremko ule umeua watu wengi. Malori na mabasi yamepoteza breki pale, na familia nyingi za Kakamega na Vihiga zina jina la mtu wanayemkumbuka kila wanapoupita. Kijana mwenye baiskeli nyepesi huona mteremko kama huo akatamani kujua kasi yake ya juu kabisa. Namsihi asitamani. Anayeshuka Mamboleo polepole, mikono ikibana na kuachia breki kwa zamu ili rimu zisipate moto, amefanya jambo gumu kuliko anayeinama na kujiachia. Wale wanaoshuka na baiskeli za black mamba, zenye breki za vyuma vinavyokandamiza mpira kwenye rimu, hulijua hilo tangu zamani. Breki zile zikilowa maji hazishiki, na anayezitumia hujifunza kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Kurudi ndiko kwenye mtihani. Pale Mamboleo mlima unaanza papo hapo, na joto la ziwa bado limekushika shingoni. Mwili wa binadamu huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kwa kazi nzito akiba hiyo hutosha saa moja na nusu, labda mbili. Baada ya hapo, asiyekula kitu njiani huishiwa ghafla: mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi, na kilima ambacho asubuhi hakukiona kinageuka ukuta. Dawa yake inauzwa kila kituo. Ndizi mbivu, mandazi na chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kipande cha muwa cha kutafuna ukiwa umekaa kando ya barabara. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu wa Kakamega, aliyezaliwa katikati ya miwa, anunue kwa bei kubwa pakiti ndogo ya sukari laini iliyotengenezwa Ulaya. Jambo la msingi ni kula kabla njaa haijabisha hodi, na kunywa kabla ya kiu.

Kuna na mvua. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha alasiri. Joto la mchana huinua hewa yenye unyevu, upepo kutoka ziwani huisukuma kuelekea kwenye miinuko ya Nandi, na kufikia saa tisa mawingu yamejaa. Mara nyingine huja na mawe, na radi za hapa si za mzaha. Ndiyo maana anayekwenda Kisumu huondoka Lurambi saa kumi na moja alfajiri na hujipangia kuwa amefika nyumbani kabla ya saa nane. Kuchelewa nusu saa Kisumu kunaweza kumaanisha kuvuka Yala chini ya ngurumo, kwenye lami inayoteleza, huku magari ya abiria aina ya Probox yakisimama ghafla mbele yako kushusha watu na matuta yakiwa yamefunikwa na maji.

Nimeieleza safari hii kwa urefu kwa sababu fahari ya mwendeshaji asiyelipwa haieleweki bila njia yake. Mwanariadha wa kulipwa ana gari nyuma lenye magurudumu ya akiba, ana mtu wa kumpa chupa ya maji, na akishindwa anaingia ndani ya gari. Wetu ana pampu moja, tyubu moja, viraka na gundi. Akipasua tairi Majengo, anaitengeneza Majengo. Mnyororo ukikatika Sigalagala, atamtafuta fundi wa baiskeli chini ya mwembe, na kwa bahati njema barabara hii bado haijakosa mafundi. Anapoingia Lurambi hakuna mstari wa kumalizia wala mtu wa kumvisha nishani. Anayejua alichokifanya ni yeye, na jirani atakayemuuliza mbona anatembea hivyo.

Kabla ya baiskeli nyembamba za mitumba kufika Kakamega, barabara hizi zilikuwa na wenyewe. Biashara ya bodaboda, yaani kubeba abiria kwa baiskeli, ilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ikaenea Magharibi yote hadi Kisumu. Kwa miongo kadhaa, anayetoka kijijini Butsotso kwenda sokoni Kakamega alikalia mto ulioshonwa vizuri juu ya keria ya black mamba, nyuma ya mgongo wa kijana aliyeijua kila tundu la njia. Baiskeli hizo zina uzito wa kilo ishirini na zaidi na gia moja tu. Zilibeba mama mwenye mtoto, mgonjwa wa kupelekwa hospitali, madebe ya maziwa, kuku waliofungwa miguu, gunia la mahindi la kilo tisini likienda kusagwa, jeneza tupu. Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, pikipiki zikamiminika kutoka India na China, na katika miaka michache wengi wa vijana wale wakahamia kwenye injini. Sababu yao ilikuwa nzuri. Kazi ile ilikuwa inakula mwili.

Hebu tuipigie hesabu, maana hesabu husema lile ambalo sifa tupu haziwezi. Chukua kilima cha asilimia sita, yaani kinachopanda mita sita kwa kila mita mia, na upande kwa mwendo wa kilomita kumi kwa saa. Mwendeshaji wa kilo 65 kwenye baiskeli nyepesi ya kilo tisa anahitaji takriban wati 120 kuishinda nguvu ya mvutano wa dunia. Mpe sasa mwendeshaji huyohuyo black mamba ya kilo ishirini na abiria wa kilo sabini. Atahitaji takriban wati 250, zaidi ya mara mbili, na hana gia ya kumsaidia. Nguvu hiyo mtu mwenye afya asiyejizoeza huweza kuitoa kwa dakika chache tu. Ni kweli kwamba kwenye vilima vikali abiria alishuka na kutembea hadi juu. Huo ulikuwa ustaarabu wa barabarani, na kila mtu aliufuata. Lakini palipokuwa na mwinuko wa kadiri alibaki ameketi, akizungumza habari za nyumbani, na aliyekuwa mbele akikanyaga alikuwa akifanya kazi ambayo leo mtu angeivalia suti ya kubana na kuipigia picha. Kisha aligeuza akachukua mwingine. Hivyo mchana kutwa, wiki nzima, kwa nauli ya kununulia unga.

Ninaposema kwamba mafanikio makubwa kabisa ya baiskeli katika eneo hili hayajaandikwa popote, namaanisha hayo. Tuliyaita kazi, basi tukadhani si mafanikio. Mimi nayaweka juu ya kilomita mia za mtu yeyote, zangu zikiwemo.

Upo ushahidi kwamba sikuzi mambo. Mwaka 2008 mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliyekuwa akijiuliza kwa nini nchi yenye wakimbiaji kama wa Kenya haina waendesha baiskeli mashuhuri, aliwachukua vijana wawili kutoka Eldoret akawapeleka Ufaransa. Mmoja, Samwel Mwangi, alikuwa mwendesha bodaboda wa baiskeli. Mwenziwe, Zakayo Nderi, alikuwa aking'arisha viatu. Aliwafikisha chini ya Alpe d'Huez, mlima wa kilomita karibu kumi na nne wenye kona 21, unaopanda kwa wastani wa asilimia nane, ambao Tour de France iliutumia kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na Fausto Coppi akashinda. Mabingwa wa mashindano hayo huupanda kwa dakika arobaini hivi. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde 10.

Siku ile hapakuwa na shindano. Hapakuwa na wapinzani, kombe wala hati ya kuthibitisha. Kulikuwa na mlima uleule ambao mtu yeyote anaweza kwenda kuupanda, na saa. Ndiyo maana naihesabu siku hiyo kuwa kubwa kuliko ushindi mwingi uliopatikana kwenye mashindano: ni aina ya fahari ambayo mwendeshaji wa Lurambi anaielewa mara moja, kwa kuwa ndiyo yake. Kujipima na njia, peke yako, na kukubali jibu litakalotoka.

Kutokana na safari hiyo kulizaliwa timu ya Kenyan Riders, iliyoweka makao Iten, mji wa wakimbiaji. Humo ndimo alimopitia Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyemaliza wa tatu kwa jumla katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, ambayo mshindi wake alikuwa Joseph Areruya wa Rwanda. Kangangi baadaye akawa nahodha wa Team Amani, na Agosti 2022 alifariki katika ajali ya mashindano huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Waendeshaji wengi wa nchi hii ambao hawakuwahi kukutana naye walilia siku ile, na sioni haja ya kueleza kwa nini.

Nirudi kwa wasiolipwa. Duniani kuna njia nyingi za kujipima, na baadhi zinafaa kujulikana hapa. Ufaransa kuna Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 zinazopaswa kukamilishwa ndani ya saa 90 na wanaochagua muda huo mrefu zaidi. Ilianza mwaka 1891 kama shindano, na Charles Terront akalishinda kwa saa 71 na dakika kadhaa bila kulala vya kutosha. Leo hufanyika kila baada ya miaka minne na si shindano tena: aliyemaliza amemaliza. Nampenda zaidi Mfaransa mwingine, Robert Marchand. Aliwahi kuwa mzima moto na mkata miti, akairudia baiskeli kwa dhati uzeeni, na Januari 2017, akiwa na miaka 105, akaendesha kilomita 22.547 kwa saa moja ndani ya uwanja wa baiskeli karibu na Paris. Mwendo huo kijana wa Lurambi anaupita akienda dukani. Lakini ongeza miaka 105 kwenye mzigo, kama tulivyoongeza abiria kwenye black mamba, uone hesabu inavyogeuka.

Hata kwa wakubwa, kumaliza peke yake kunaweza kuwa fahari. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Katika mbio za wanaume, wakishindana zaidi ya kilomita 267 juu ya vilima vya mji ule, walianza zaidi ya watu 160. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Aliyeshika nafasi ya thelathini siku hiyo alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na naamini ataisimulia hadi kwa wajukuu.

Lipo jambo jingine ambalo saa haipimi. Mwanamke akipita Lurambi juu ya baiskeli ya mbio, bado vichwa hugeuka na maneno hurushwa, mengine ya kumtia moyo, mengine si hivyo. Wasichana wengi wa Magharibi waliona kaka zao wakifundishwa kuendesha, wao wakaambiwa wakae nyuma kwenye keria. Kwa hiyo mwanamke wa miaka arobaini anayefika Khayega na kurudi, kilomita zisizozidi thelathini, huenda amevuka umbali mrefu kuliko mpwa wake aliyefika Kisumu. Nairobi, Cyprine Odada, mtaalamu wa mipango miji, ameongoza kwa miaka mingi misafara ya baiskeli ya kila mwezi ya Critical Mass, ambapo wanaojifunza huendesha katikati ya kundi kubwa na magari hulazimika kungoja. Kakamega tunahitaji kitu cha namna hiyo, na hakihitaji fedha nyingi: siku moja ya mwezi, kundi, na mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote.

Anayetaka kuanza asianze na Kisumu. Aanze na Mumias. Ni kilomita thelathini na kitu kwa upande mmoja, barabara inashuka taratibu kupita kwenye mashamba ya miwa hadi kwenye mji wa mfalme Nabongo Mumia, ulio chini kuliko Kakamega kwa mita mia mbili hivi, na kurudi kwake hupandisha pole kiasi cha kumfunza mtu kuugawa mwili wake. Ajihadhari na trela za miwa: mzigo hutokeza pembeni, na miwa iliyoanguka kwenye lami humwangusha mtu haraka kuliko shimo. Baada ya Mumias aende kaskazini, Malava hadi Webuye, kilomita arobaini na kitu kwa upande mmoja. Ndipo Kisumu.

Na kwa aliyekwisha kufika Kisumu kuna Kapsabet. Unaifuata A1 hadi Chavakali, unakata kushoto, unapita Kaimosi, ambako wamisionari wa Quaker walifika mwaka 1902, kisha unaingia kwenye mwinuko wa Nandi na kupanda hadi karibu mita 2,000. Safari hii imegeuka kinyume na ile ya Kisumu: kazi iko mwanzoni, ukiwa bado na nguvu, na kurudi kwa sehemu kubwa ni kushuka. Ni zaidi ya kilomita mia. Maji yajazwe Chavakali, na koti la mvua lisibaki nyumbani hata kama mbingu ni nyeupe asubuhi.

Mwendeshaji akirudi salama aandike daftarini, siku hiyohiyo kabla ya kulala: tarehe, saa ya kuondoka na ya kufika, hali ya hewa, aina ya baiskeli, na mahali alipolazimika kushuka na kusukuma, kama palikuwapo. Aandike na uzito wa mzigo aliobeba. Safu hiyo ya mwisho iwepo hata kwenye madaftari ya wenye baiskeli nyepesi, ambako itajaa sifuri, ili siku madaftari hayo yatakapowekwa pamoja, yule aliyepeleka gunia la mahindi Shinyalu apate mahali pa kuandikwa.